Waya wa Tatu Unaishia Wapi?

Kijana alikuwa amezilaza drili mbili juu ya benchi la kupigia randa. Plagi za zote mbili alikuwa amezifungua, na skrubu amezikusanya kwenye kizibo cha chupa ya soda zisipotelee ndani ya maranda. Drili moja ilikuwa mpya, ya plastiki ya kijani, imenunuliwa Kariakoo wiki ile ile. Ya pili ilikuwa ya baba yake: chuma kitupu, nzito kama mchi, rangi imeshakwisha pale mkono unapokamata. Kebo ya ile ya zamani ilikuwa na nyaya tatu. Ya mpya ilikuwa na mbili.

"Shikamoo fundi," akasema. "Nadhani nimepigwa. Hii mpya waya wa athi wameubania."

"Marahaba. Hebu igeuze tuione tumboni."

Akaigeuza. Chini ya mpini kulikuwa na kibandiko chenye volti, wati na mizunguko kwa dakika, na pembeni kabisa alama ndogo ambayo wanunuzi wengi hawaitazami: mraba ndani ya mraba mwingine. Nikamwambia hajapigwa. Drili yenye alama ile haihitaji waya wa ardhi, na akiiongezea atakuwa ameiharibu. Kisha nikaichukua plagi ya drili ya baba yake, na hapo ndipo kazi ya siku ile ilipoanza. Waya wa tatu, ule wa kijani, ulikuwa umekatwa, ukakunjwa nyuma, ukafungwa solatepu nyeusi.

"Huo baba aliukata zamani," kijana akaeleza. "Alikuwa na kazi kwenye jengo mjini, kila akiiwasha drili breka inaanguka. Fundi wa pale akamwambia tatizo ni athi. Alipoukata ikafanya kazi."

Maneno hayo nimeyasikia kwenye karakana nyingi mno, na kila nikiyasikia mwili hunisisimka. Waya ule ulikuwa unasema kweli. Ulikuwa unasema kwamba umeme umetoka mahali pake na uko kwenye chuma ambacho mtu amekishika. Jibu lililopatikana ni kuukata ulimi.

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230 au 240. Huingia kwenye mota kwa waya wa moto, hufanya kazi yake, hurudi kwa nyutro. Waya wa tatu haumo katika safari hiyo. Siku zote mambo yakiwa sawa haupitishi chochote, na ndiyo sababu watu huudharau: ukiukata leo drili itazunguka vile vile kwa miaka kumi, na kila siku itakayopita utazidi kuamini kwamba ulikuwa hauna kazi. Umefungwa kwenye bodi ya chuma ukingoja siku moja tu, siku ambayo mpira wa waya wa moto umechubuka ndani ya mpini, au vanishi ya nyaya za mota imeungua, na moto ukagusa bodi. Siku hiyo drili nzima inageuka kuwa waya wa moto wenye umbo la drili.

Mwili wa mtu una ukinzani, lakini si mkubwa. Ngozi kavu na ngumu inaweza kuzuia sana. Ngozi yenye jasho haizuii kitu, na hapo mwili mzima unabaki na takriban omu 1,000. Gawanya 230 kwa 1,000, utapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Mtu huanza kuhisi umeme kwenye miliampea moja hivi. Kwenye 50, zikipita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, moyo unaweza kupoteza mapigo yake ukabaki unatetemeka tu bila kusukuma damu.

Katikati ya namba hizo mbili kuna nyingine ambayo watumiaji wa zana wanapaswa kuijua kuliko watu wote. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapima watu waliojitolea ili ajue mkondo wa kiasi gani humfanya mtu ashindwe kuachia alichoshika. Kwa wanaume alipata wastani wa miliampea 16, kwa wanawake 10.5. Ukivuka hapo misuli ya mkono inajikaza yenyewe, na kwa kuwa ile inayofunga vidole ina nguvu kuliko inayovifungua, mkono unafunga. Friji likiwa na hitilafu unaligusa kwa kidole, unarushwa, unatukana, unakwenda zako. Drili unayo ndani ya ngumi tayari. Ikikupiga, ngumi inazidi kukaza, na kidole kilichoko kwenye swichi kinazidi kuibana. Mtu anataka kupiga kelele na sauti haitoki. Wenzake wanadhani anaendelea na kazi.

Kwa sababu hiyo sipendi kusikia drili ikifananishwa na redio au pasi. Chombo cha kushikwa kwa ngumi, mikono ina jasho, miguu iko kwenye udongo au juu ya bati, kina hesabu yake peke yake.

Mafundi wa kale waliikabili hesabu hiyo wakiwa na chuma tu. Drili ya kwanza ya umeme iliyoweza kubebwa mkononi ilitengenezwa na kampuni ya Fein mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1895. Kule Marekani, Black & Decker walipata hataza mwaka 1917 ya drili yenye mpini kama wa bastola na swichi ya kuvuta kwa kidole, umbo ambalo hata ile ya kijani ya Kariakoo bado inalo. Bodi zilikuwa za chuma, na kwa miongo mingi kinga pekee ya mtumiaji ilikuwa waya ule wa tatu, pale ulipokuwapo.

Kisha plastiki ngumu ikapatikana, na wahandisi wakaja na wazo lingine kabisa. Badala ya kusubiri moto uguse chuma ndipo tuukimbize ardhini, kwa nini tusiweke kuta mbili kati ya moto na mkono? Ukuta wa kwanza ni mpira na vanishi ya nyaya zenyewe. Ukuta wa pili ni gamba la plastiki, pamoja na kitu ambacho huwezi kukiona mpaka uifungue mashine: mhimili wa mota umevishwa plastiki, ili moto ukitoroka kutoka kwenye nyaya usipite kwenye mhimili ukafika kwenye gia na kwenye biti. Ukuta mmoja ukianguka, wa pili bado umesimama. Hiyo ndiyo maana ya mraba ndani ya mraba. Wataalamu huziita zana za daraja la pili. Zile za bodi ya chuma zenye waya wa ardhi ni daraja la kwanza. Drili na grinda nyingi za mkononi zinazouzwa leo ni za daraja la pili. Zile za betri, za volti 18 na mfano wa hizo, hazina hata haja ya swali letu: volti zake ni chache mno kuumiza mwili.

Kijana akauliza swali zuri. "Sasa kama kuta mbili ni nzuri, kuta mbili pamoja na athi si bora zaidi?"

Si bora. Fikiria unatoboa ukuta wa nyumba na biti ikakutana na waya wa moto uliofichwa kwenye plasta. Drili ya kuta mbili haina njia ya ardhini, na ukiwa umeshika plastiki uko salama (ndiyo maana maelezo ya watengenezaji husisitiza ushike pale penye plastiki, si kwenye shingo ya chuma). Tuseme mkono mmoja umeshika waya uliochubuka na mwingine umeegemea shingo ya drili. Shingo isiyounganishwa na ardhi haikupi njia. Ukishaiunganisha, wewe mwenyewe ndiwe umekuwa daraja. Na waya wa ziada ndani ya gamba lisilotengewa mahali pa kuufunga unaweza kuchomoka siku moja, ukagusa moto, ukaupeleka hadi kwenye chuma cha mbele. Kuta mbili zimejengwa zisimame bila ardhi. Ziache zisimame.

Kwa hiyo jibu la swali lenyewe ni fupi: soma kibandiko. Mraba ndani ya mraba, nyaya mbili zinatosha. Bodi ya chuma isiyo na alama ile, waya wa tatu ni lazima, kuanzia kwenye bodi mpaka kwenye plagi, na hapo usikubali kubembelezwa. Mashine ya kuchomelea, mashine ya kuchanganyia zege, pampu ya maji, msumeno wa meza: hizi zote mara nyingi ni za chuma, na ndizo ninazozikuta zimebadilishiwa kebo, ya nyaya tatu ikatolewa, ikawekwa ya nyaya mbili kwa kuwa ni nafuu. Kibaya kuliko hicho ni fundi anayefunga bodi kwenye nyutro ndani ya plagi na kusema "ni kitu kimoja." Siku nyutro itakapokatika mahali popote kati ya plagi na nguzo, au soketi ikiwa imefungwa kinyume, bodi ile itapokea moto kamili, na hakutakuwa na fyuzi itakayojua.

Ila jibu fupi linaishia kwenye plagi, na umeme hauishii hapo.

Plagi yetu ya pini tatu za bapa tuliirithi kwa Waingereza, pamoja na Kenya, Uganda na Zanzibar. Ilizaliwa vitani. Mwaka 1942 iliundwa kamati ya kupanga umeme wa majumbani baada ya vita, na mwanamke pekee katika kamati ile alikuwa Caroline Haslett, mhandisi aliyetumia maisha yake kuwatetea wanawake na akina mama wa nyumbani katika mambo ya umeme. Kiwango chenyewe, BS 1363, kilitoka mwaka 1947. Pini ya juu, ya ardhi, ni ndefu kuliko wenzake kwa makusudi: ndiyo inayotangulia kuingia, na ikiingia inafungua vizuizi vidogo vinavyoziba matundu ya moto na nyutro, ili mtoto asiingize msumari. Yaani moto haufunguliwi mlango mpaka ardhi iwe imeshafika. Sijui mlango mwingine uliojengwa kwa busara kama huo.

Nasi tunafanya nini? Tunachukua kijiti, au kifuniko cha kalamu, tunakichomeka kwenye tundu la juu, vizuizi vinafunguka, tunasukuma plagi ya pini mbili. Kila nyumba ina kijiti chake. Kwa chaja ya simu au drili ya kuta mbili, ardhi haipungui kwa kuwa haikuwapo, ingawa pini zile nyembamba hulegea na kupata joto. Balaa ni pale plagi inapokuwa ile nene ya mviringo ya Kijerumani, inayokuja na mashine za mitumba kutoka Ulaya. Ukiitazama ina pini mbili, kwa hiyo mtu huiita ya pini mbili. Tazama ubavuni: kuna vipande viwili vya shaba. Hiyo ndiyo ardhi yake. Ukiilazimisha kwenye soketi yetu kwa kijiti, au kwa adapta ya bei rahisi yenye matundu mawili tu, vipande vile vinabaki vinagusa hewa. Mashine ya chuma iliyotoka kiwandani na waya wa tatu mzima imepoteza ardhi yake mlangoni, bila mtu kukata kitu. Dawa ni kuikata plagi ile na kufunga ya pini tatu yenye fyuzi: kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani yenye mstari wa njano kwa ardhi. Kebo za zamani zilikuwa nyekundu, nyeusi na kijani.

Tukarudi kwenye drili ya mzee. Niliifungua mpini. Mpira unaokinga kebo pale inapoingia kwenye chuma ulikuwa umekauka ukapasuka, na waya wa moto ulikuwa umesuguliwa mpaka shaba inaonekana, kipande kama punje ya mchele. Haikuwa imegusa bodi. Kati ya shaba na chuma palikuwa na vumbi jeusi, mchanganyiko wa unga wa mbao na unga wa brashi za kaboni za mota, ambao kila ukipata unyevu hupitisha umeme. Ndiyo maana kijana alikumbuka kwamba msimu wa mvua drili ilikuwa "inatekenya," na baba yake alikuwa akiitumia amesimama juu ya ubao, kavaa kandambili. Ubao na kandambili ndivyo vilivyomlinda muda wote ule.

Vumbi la namna hiyo halizisamehe hata zana za kuta mbili. Grinda inayokata chuma kutwa nzima hunyonya unga wa chuma kupitia matundu yake ya hewa, na unga ukijaa ndani hutengeneza daraja juu ya kuta zote mbili. Ipulize kwa upepo wa kompresa mara kwa mara, ikiwa imechomolewa.

Nilibadilisha kebo yote, nikafunga waya wa ardhi kwenye skrubu yake ndani ya bodi, kisha nikaweka mita kati ya pini ndefu ya plagi na chuma cha drili. Mita ikasoma chini ya nusu omu. Kijana akatabasamu. Nikamwambia tutoke nje.

Tuliufuata waya wa ardhi kutoka kwenye meni swichi, ukapita chini ya dirisha, ukazunguka kona, ukaishia kwenye kipande cha nondo kilichopigwa kwenye mchanga nyuma ya choo. Haukufungwa kwa klempu. Ulikuwa umezungushwa kwa koleo, na kutu imeshauzunguka. Nikachomeka vijiti vya mita ya kupimia ardhi, kimoja karibu, kingine mbali, nikabonyeza. Omu 180.

Hapa tuweke namba chini, kwa sababu ndipo wengi wanapodanganyika. Tuseme moto umegusa bodi ya drili yenye waya mzuri wa ardhi, na ardhi ya transfoma ya mtaani ina omu 10. Umeme utoke kwenye drili, uingie ardhini kwa nondo, urudi transfoma: jumla omu 190. Volti 230 kwa omu 190 ni ampea 1.21. Pasi ya kawaida huvuta zaidi ya mara tatu ya hapo. Fyuzi ya ampea 13 haitajua kama kuna jambo. Ili ikatike upesi, ndani ya nusu sekunde hivi, njia yote ya kwenda na kurudi inapaswa iwe na omu zisizozidi mbili na nusu. Kwa nondo moja mchangani hilo halitatokea. Na muda wote huo chuma cha drili kina ampea 1.21 mara omu 180, yaani takriban volti 218. Waya wa tatu upo, umefungwa vizuri, mita imesoma nusu omu, na mtu ameshika volti 218.

Kijana alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kwa hiyo alichokata baba hakikuwa na faida?"

Kwenye lile jengo la mjini kilikuwa na faida, kwa sababu pale breka ilianguka. Kulikuwa na kitu kinachosikiliza. Kitu hicho ni RCD, ambacho mafundi wakongwe huita kwa jina la mtangulizi wake, ELCB. Kazi yake ni kulinganisha mkondo unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Ikiwa sawa, kinakaa kimya. Ikitofautiana kwa miliampea 30, maana yake kuna umeme unaorudi kwa njia nyingine, labda kwa kupitia kwa mtu, na kinakata kwa muda usiozidi sehemu tatu ya kumi ya sekunde; mvujo ukiwa mkubwa kinakata mapema zaidi. Dalziel yule yule wa Berkeley ndiye aliyebuni kifaa cha namna hii kwa ajili ya Marekani mwaka 1961, na chake kilikata kwa miliampea chache zaidi. Baada ya kuona mikono ya watu ikishindwa kufunguka, alitengeneza cha kuifungua.

Uzuri wake kwa nchi zetu ni kwamba hakihitaji ardhi nzuri. Kwa omu zile zile 180, mvujo ukipanda polepole kitakata umeme, bodi ya drili ikiwa haijafikisha hata volti 6. Na hakihitaji zana iwe na waya wa tatu. Kinahesabu zile nyaya mbili tu, moto na nyutro, kwa hiyo kinamlinda pia mwenye grinda ya kuta mbili iliyolowa mvua. Nchini Uingereza wajenzi walikwenda mbali zaidi, wakaweka transfoma za njano zinazoshusha umeme hadi volti 110, na kwa jinsi zilivyofungwa, kati ya waya wowote na ardhi kuna volti 55 tu. Kwetu hizo ni adimu. RCD inapatikana madukani, na iko hata ya kuchomeka kwenye soketi, unayoweza kuibeba kwenye mfuko wa zana kutoka saiti hadi saiti.

Tulizika fimbo mbili za shaba za urefu wa mita 1.2, karibu na pale maji ya bafuni yanapopita ili udongo usikauke, tukazitenganisha kwa umbali unaozidi urefu wake, tukaziunganisha kwa klempu. Mzee mmoja jirani alileta chumvi na mkaa kama ilivyo desturi. Chumvi hushusha omu kweli, lakini mvua huiosha na inakula chuma, kwa hiyo nilimshukuru nikatumia mkaa. Mita ikasoma 64. Ndani, fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, aliyekuja na mimi, alifunga RCD ya miliampea 30 mbele ya breka za soketi zote.

Ilikuwa inakaribia magharibi. Kijana aliishika drili ya baba yake, akaichomeka, akatoboa ubao mmoja wa mninga, ukatoboka safi. Nikamwonyesha kitufe kidogo chenye herufi T kwenye RCD, nikamwambia kila mwezi akibonyeze, maana kifaa kisichochezeshwa hukwama. Akakibonyeza kwa kidole gumba.

Randa ya umeme ikazimika. Feni ikaanza kupunguza mwendo. Redio iliyokuwa juu ya rafu ikanyamaza katikati ya wimbo. Baba yake akatokeza kutoka chumba cha ndani, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, akauliza nani kazima umeme.